Majina Wanayoyataja Wazee Wangu: Barua kwa Mwanangu wa Toronto

Kent, Washington
Novemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, mvua yetu isiyokatika imeshaanza, na dada yako anasema umerithi usahaulifu wa baba yako maana humpigii simu. Hayo mtayamaliza wenyewe.

Mimi nina deni lako. Usiku wa Oktoba 20, Blue Jays wa kwenu Toronto walipowatoa Mariners wetu wa Seattle kwenye besiboli, ulinitumia vikaragosi vya kucheka hadi simu ikachoka kulia, kisha chini yake ukauliza, "Mama, hivi kwa nini mnajitesa na timu isiyoshinda?" Nilikuwa zamu, na swali lenyewe si la kujibiwa kwa kidole gumba huku mkono wa pili umebeba trei ya dawa. Leo sina kazi. Nimejipikia chai ya tangawizi, nimekaa.

Unajua makao yetu ya wazee yalivyo. Wakishakula chakula cha jioni wengi hurudi vyumbani, saa mbili wanapewa dawa, saa tatu korido nzima kimya. Oktoba hii utaratibu wote ulivunjika. Mechi ile ya tarehe 10 na Detroit ilikwenda awamu 15 badala ya 9, karibu saa tano nzima, na msimamizi wetu alisema "jamani tukalale" mpaka akakata tamaa, akavuta kiti na yeye. Jorge Polanco alipoupiga ule wa mwisho na J.P. Crawford akamaliza kuzunguka besi, vile vituo vinne vya uwanjani, akaingia nyumbani, ambako ndiko pointi inakopatikana, 3-2, saa nne ya usiku ilikuwa imepita, na kuna bibi wa miaka tisini alikuwa anagonga meza kwa kijiko. Basi mpaka tunafika mechi ya saba kule kwenu, ya kuamua nani aende World Series, fainali ya ligi kuu, saa kumi na moja jioni sebule ilikuwa haina pa kupitisha kiti cha magurudumu.

Nakupa haki yako: mlitupiga. Tulikuwa tunaongoza 3-1. Julio Rodríguez wetu ameshavusha mpira ukuta, pigo la pointi ya papo hapo, Cal Raleigh naye ameshavusha wake. Awamu ya saba mna watu wawili kwenye besi, akaja George Springer. Alipoupiga, mimi sikuhitaji kutazama unakwenda wapi, kwa sababu mzee niliyekuwa nimesimama nyuma yake alishusha kofia mpaka puani. Wote watatu wakaingia, 4-3, ikaishia hapo. Mariners walianza mwaka 1977, na ndiyo timu pekee ya ligi kuu ambayo haijawahi kutia mguu World Series.

Sasa sikiliza kilichofuata. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyeomba tivii izimwe. Walikaa tu kwa kitambo. Halafu yule mzee aliyestaafu Boeing, kiwanda cha ndege, aliyekuwa akikupa peremende ulipokuwa unakuja kunisubiri, akasema bila kumtazama mtu:

"Edgar angetufikisha."

"Edgar alikuwa hajui kukimbia," bibi wa kijiko akamjibu.

"Hakuhitaji kukimbia. Aliyekimbia ni Griffey."

Na hapo wote wakatoka Toronto, wakahamia 1995, enzi za Edgar Martínez na Ken Griffey Jr., wachezaji wetu wa zamani. Mimi nikaanza kugawa dawa, kila niliyemfikia ananiambia subiri kwanza amalizie.

Hadithi hiyo nimeisikia mpaka naweza kuisimulia kama niliyekuwepo, ingawa mwaka huo nilikuwa Tanga na sikujua besi ni mdudu gani. Oktoba 8, 1995, ndani ya Kingdome, lile banda la zege walilokuja kulilipua mwaka 2000. Seattle wamepoteza mechi mbili za mwanzo za mchujo kwa Yankees wa New York, wakashinda mbili, hii ya tano ndiyo ya kukata shauri. Awamu ya tisa mambo yanakuwa magumu, anaingizwa mrushaji wetu Randy Johnson, yule mrefu wa futi sita na inchi kumi, ambaye alirusha juzi yake tu na mkono haujapoa. Awamu ya 11 Yankees wanapata moja, 5-4. Joey Cora anaugusa mpira kidogo tu, anakimbia, anajitupa chini kuikwepa glavu, yuko besi ya kwanza. Ken Griffey Jr. anapiga, Cora anafika ya tatu. Edgar Martínez anaupeleka mpira kwenye mstari wa kushoto. Cora anaingia, 5-5. Griffey ametoka besi ya kwanza, amepita ya pili, amepita ya tatu bila hata kufikiria kusimama, anateleza nyumbani. 6-5.

Lakini katika kusimulia kwao matokeo ndiyo sehemu fupi. Mzee wa Boeing atakueleza kwanza kwamba mafundi wa Boeing walikuwa wameanza mgomo siku mbili kabla, na kwamba yeye alikuwa langoni na wenzake, wamewasha moto ndani ya pipa, redio iko juu ya boneti ya pikapu. Anamwiga Dave Niehaus, mtangazaji aliyekuwa na timu tangu mechi ya kwanza kabisa mpaka alipofariki mwaka 2010. Anamwiga vibaya, lakini hakuna anayemkatiza. Anakwambia watu waliokuwa wanawaza kodi ya nyumba mwezi ujao italipwa na nini walikumbatiana na walinzi wa kiwanda. Mgomo ule ulikwenda siku 69. Mshahara alioukosa hautaji kamwe, Griffey anamtaja kila jioni.

Yule bibi ana wake. Amezaliwa Seattle, wazazi wake walitoka Japani. Mwaka 1942 serikali iliwakusanya Wajapani wa huku kama wafungwa, familia yake ikawekwa kwanza kwenye viwanja vya maonyesho pale Puyallup, kisha ikapelekwa kambi ya Minidoka, Idaho, jangwa tupu. Waliambiwa wachukue wanachoweza kubeba. Kaka yake alibeba glavu. Walisafisha viwanja ndani ya kambi ile, wakacheza besiboli vumbi likiwaingia mdomoni, na bibi anasema mama yake alikuwa akienda kutazama hata siku ambazo kaka hachezi, kwa sababu ndipo mahali pekee palipokuwa na kelele za kawaida.

Sasa mtu huyo umwambie kuhusu Ichiro, mchezaji wetu kutoka Japani! Alipofika mwaka 2001 watu walikuwa wanauliza kama mwili ule mdogo utahimili ligi ya Marekani. Mwaka wa kwanza akachukua tuzo ya mchezaji bora pamoja na ya mgeni bora. Mwaka 2004 alipiga mipira 262 iliyomfikisha besi, akaivunja rekodi ya 257 ya George Sisler iliyokuwa imekaa tangu 1920. Bibi alikuwa uwanjani siku hiyo, lakini anachokisimulia ni kwamba Ichiro alikwenda hadi kwenye ukingo wa jukwaa kumpa mkono binti wa Sisler, ambaye alishakuwa ajuza. Na mwaka 2009 timu zilipokwenda St. Louis kwa mechi ya nyota, Ichiro na mkewe walitafuta kaburi la Sisler wakaliwekea maua. Bibi akifika hapo hunikamata mkono wa sare yangu: "Unaona? Umemshinda mtu, unakwenda kumsalimia." Mimi wa pwani niliyefundishwa kuzuru makaburi sikuhitaji kufafanuliwa.

Hapo hapo huingia ile ya Julai 23, 2012, na hii naikumbuka mwenyewe kwa sababu wewe ulikuwa unalia. Ichiro aliuzwa kwa Yankees, na Yankees walikuwa hapa hapa Seattle siku hiyo hiyo. Akabadilisha jezi, akahamia chumba cha upande wa pili, jioni akatoka na nguo za wageni. Uwanja mzima ukasimama. Akavua kofia ya chuma, akawainamia, kisha akapiga mpira wake akafika besi. Ulikuwa mdogo, ukaniuliza tumshangilie au tumzomee. Mwaka huu wameingiza jina lake kwenye jumba la heshima la besiboli kule Cooperstown kwa kura 393 kati ya 394. Mwenyewe alisema angependa kumkaribisha huyo aliyemnyima kura nyumbani kwake wanywe pamoja. Bibi hana upole huo, anataka ajulikane tu.

Ya mrushaji wetu Félix Hernández nakuachia, unayajua kuliko mimi. Fulana ile ya njano bado iko kabatini kwako. Nitasema moja tu: mtu aliyerusha mechi kamilifu mwaka 2012, hata mpinzani mmoja asifike besi, na hakuwahi kucheza mechi hata moja ya mchujo maisha yake yote. Wazee wanamwita "Mfalme" bila kucheka.

Nilijiuliza sana kwa nini hawa watu hawanyamazi mechi ikiendelea. Mpira wa miguu ukianza kusimulia habari za zamani utaambiwa toka mbele ya tivii. Besiboli ina nafasi. Mrushaji anaitazama glavu ya mdakaji, anatikisa kichwa, anakataa, anakubali, anapangusa mkono kwenye suruali. Ndani ya hapo mzee ameshafika 1977 na kurudi. Ndiyo maana mzee wa Boeing ana ugomvi na ile saa waliyoweka mwaka 2023; mrushaji sasa ana sekunde 15 tu kama besi ziko tupu. Anasema wamemwibia. Hadithi ambayo zamani aliimaliza ndani ya mpigaji mmoja, leo inamchukua wapigaji wawili.

Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa na barazani kwake watu wa namna hii. Coastal Union walichukua ubingwa wa Bara mwaka 1988, na mpaka naondoka Tanga yeye na wenzake walikuwa bado wanaicheza ligi ile juu ya bao na kahawa, pasi kwa pasi, nani alimpa nani. Mtoto wa Yanga akipita watamtajia Sunday Manara, "Kompyuta", kwa adabu zote, maana mchezaji mzuri hata akiwa wa mahasimu hadhi yake anapewa. Nilipofika kwenye makao haya, sijui lugha yao vizuri, sijui mchezo wao, kilichonifanya nijisikie nimekaa na watu ninaowafahamu kilikuwa hicho.

Sasa umenielewa ninavyokujibu. Timu yenye makombe mashabiki wake huhesabu makombe. Yetu haina la kuhesabu, kwa hiyo wameshika watu. Wanabishana sasa hivi kama Cal, na mapigo yake 60 ya kuvuka ukuta mwaka huu, tena ni mdakaji anayechuchumaa usiku kucha, amemfunika Griffey aliyeishia 56. Wanawake wa jikoni wako upande wa Cal, na nadhani jina lake la utani la makalio limechangia. Mzee wa Boeing hataki hata kusikia. Anasema Cal hajawahi kupiga na baba yake. Hapo ana lake: Septemba 14, 1990, Griffey baba, miaka 40, alivusha mpira ukuta kule Anaheim, na mpigaji aliyefuata, mwanawe wa miaka 20, akavusha wake. Jezi moja, baba na mwana, mmoja nyuma ya mwingine. Akimaliza kuisimulia hiyo huuliza habari zako. Kila mara.

Fainali yenu na Dodgers wa Los Angeles tuliitazama pia. Usidhani tulifurahi mlipofungwa awamu ya 11. Sawa, jikoni walifurahi. Ila bibi alikuwa na Yamamoto wake, Mjapani wa Dodgers, aliyerusha mechi ya sita, na kesho yake akaingia tena kuimalizia ya saba. Mzee wa Boeing akaruka: "Kama Randy! Kama Randy na Yankees!" Tukajua usingizi umeshaondoka tena.

Mwakani Blue Jays wakija hapa, njoo. Wale mashabiki wenu wa Vancouver huvuka mpaka na kuujaza uwanja bluu, hutakosa wa kukaa naye. Tiketi nitalipa mimi, tutapanda treni pale Kent kama zamani kama ratiba itaruhusu, au nitaomba gari la shangazi yako. Lakini upitie makao kwanza. Dada yako aliwaonyesha picha yako ukiwa na kofia mpya, na mzee ameweka sharti. Anataka akusikie ukimwelezea Joe Carter wenu, aliyewapa kombe kwa pigo la mwisho, Oktoba 23, 1993, na asikusikie ukisoma kwenye simu. Anasema muulize mtu mzima wa huko alikuwa wapi usiku ule, amekaa na nani, walikula nini. Mwenye nyumba wako ni mtu wa makamo, anza na yeye.

Usisahau kumpigia dada yako.

Mimi mama yako.