Barua kwa mdogo wangu aliyepangiwa darasa la awali

Marahaba, mdogo wangu.

Ile sauti yako ya dakika saba niliisikiliza kwenye daladala tukiwa tumekwama Mtoni kwa Aziz Ali, nikacheka mpaka konda akanigeukia. Eti umesota chuoni miaka miwili, halafu unapangiwa darasa la awali kufunga watoto vifungo na kuwafuta makamasi! Nakujibu hapa hadharani maana wenye kilio chako ni wengi.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hata ule mtaala wa KKK wa 2015, wa darasa la kwanza na la pili, uliweka kutunza afya na mazingira pamoja na kusoma, kuandika na kuhesabu. Ila jambo hilo la afya wengi wetu tunalifundishia ubaoni. Tunachora mswaki, watoto wanapaka rangi, tunatia vema, basi. Jumatatu mwalimu wa zamu anakagua kucha mstarini, na mtoto wa miaka mitano anagombezwa kwa kucha ambazo hawezi kujikata mwenyewe. Usiwe mwalimu huyo.

Vifungo sasa. Ukimfunga vyote, kesho atakuletea tena. Mwachie kile cha mwisho tu, na hicho nacho kipitishe nusu kwenye tundu, yeye amalizie kukivuta. Akizoea, mwachie viwili. Zipu vilevile: wewe ingiza chini, yeye apandishe. Wala usiwaite wazembe. Wanaamshwa saa kumi na moja alfajiri, wanavalishwa huku wanasinzia, mama anawahi gari. Hata mimi ningemvalisha.

Lakini kilichonifundisha adabu ni choo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mtoto aliyejikojolea karibu kila siku, ikifika saa tano. Nikamgombeza, tena mbele ya wenzake. Kumbe kwao wana choo cha kukaa, na hiki chetu cha kuchuchumaa alikiogopa: giza, nzi, na lile tundu. Alikuwa anabana tangu asubuhi. Bado naona aibu nikikumbuka.

Siku hizi wiki ya kwanza nawapeleka wachache wachache, hata wasiobanwa. Kwanza tunachuchumaa uwanjani na nguo zetu, kama mchezo, mpaka wanaacha kuanguka. Kisha kopo mkono wa kulia, kujisafisha kwa kushoto. Wasichana wanajisafisha kutoka mbele kwenda nyuma, uchafu usifike kwenye njia ya mkojo. Na hapo hapo nawaambia: mtu akikugusa huko kwa namna usiyoipenda, au akikwambia iwe siri, njoo uniambie, hata kama ni ndugu. Taja viungo kwa majina yake bila kucheka. Ukicheka wewe, siku akiguswa hatakwambia.

Wakitoka chooni, mikono. Watoto hupaka sabuni na kuisuuza papo hapo, kwa hiyo wape wimbo wa kama sekunde 20 wakiwa wanasugua, na vidole gumba visisahaulike. Maji ya bomba yakikatika isiwe sababu, tengeneza kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lenye kitundu, linaning'inia, kamba inashuka mpaka kwenye kijiti, mtoto anakanyaga, maji yanachirizika. Mkono mchafu haugusi dumu, na maji hayapotei. Tuliokuwa Dar 2015 kipindupindu kilipoanzia Kinondoni hatuhitaji kubembelezwa juu ya hili.

Meno tutaongea siku nyingine. Waambie tu wazazi wasimwachie mswaki peke yake, mkono wa mtoto wa umri huo haufiki magego ya nyuma.

Jumamosi nakuja huko Mbagala. Nitafutie madumu mawili, kamba ya manila, na soksi kuukuu ya kuning'inizia sabuni. Msumari wa kutobolea ninao.

Dada yako