Wenye Datsun za zamani, tafuteni mnunuzi wa hapa kwanza

Bwana Mhariri,

Nimeuza Datsun 240Z yangu ya mwaka 1972, na barua hii nawaandikia wale wengine ambao bado wanazo. Najua wapo, hapa Mombasa nawajua wawili watatu na huko bara wako zaidi, gari imefunikwa turubai nyuma ya nyumba na kila baada ya muda kuna mtu anapiga hodi anauliza bei. Ombi langu kwao ni moja. Kabla hamjampa mwenye kontena wa kuipeleka nje, mtafuteni mnunuzi wa hapahapa Kenya, na mkimpata anayeijua gari na anayeitaka kwa moyo basi mpunguzieni bei, mie nimefanya hivo na sijuti hata kidogo.

Kwa vijana ambao hawajawahi kuiona, 240Z ni spoti ya viti viwili, boneti ndefu, mgongo unashuka mpaka nyuma. Nissan walianza kuitoa mwishoni mwa 1969, kwao Japani wakaiita Fairlady Z, huku kwingine ikauzwa kama Datsun 240Z mpaka 1973. Injini ni ile L24, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, cc 2393, kabureta mbili, na springi za kujitegemea kila tairi, kitu ambacho gari nyingi za bei ile wakati ule hazikuwa nacho. Lakini Wakenya hatukuipenda kwa sababu ya hayo, wengi hata hatukuyajua. Tuliipenda kwa sababu ya Safari, yale mashindano yetu ya magari. Pasaka ya 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi hapahapa Kenya, alishinda na 240Z akiwa na Hans Schüller, na wa pili alikuwa Shekhar Mehta na 240Z nyingine. Mwaka uliofuata Hannu Mikkola akachukua na Ford Escort, ndo mara ya kwanza dereva kutoka Ulaya kuja kutushinda nyumbani, halafu 1973 Mehta akairudisha na 240Z akiwa na Lofty Drews. Na ile ya 1973 wacha tu, Mehta na Harry Källström walimaliza pointi sawasawa, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi bila kupata adhabu, ndipo Mehta akapewa. Kumbuka huyu ni mtu ambaye kwao ni Uganda na mwaka mmoja tu kabla ya hapo Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia. Sisi tulikuwa watoto, tunasikiliza Sauti ya Kenya kwenye redio ya mzee na kila mtu mtaani anabishana gari gani imepita Voi na gani imekwama kwenye matope.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kuinunua ya kwangu, miaka ya themanini, kutoka kwa bwana mmoja aliyekuwa anahama nchi, sikufikiria mara mbili. Haikuwa gari ya mashindano, ilikuwa ya barabarani ya kawaida, rangi nyekundu, lakini ukikaa ndani na kuona ile boneti mbele yako unajua umekaa wapi.

Wanaosema gari ya zamani ni raha tupu hawajaishi nayo pwani. Bati la Z ni jembamba na chumvi ya bahari haina huruma. Kutu haianzi pale unapoiona, inaanza chini ya betri ambako asidi inadondokea, inaanza kwenye sakafu chini ya kapeti, kwenye zile reli za chesisi zinazopita chini ya miguu ya dereva, na kwenye kile kipembe cha bodi nyuma ya mlango ambako maji yanaingia na hayatoki. Rangi juu inang'aa na ndani kumeshaliwa. Nimeshona sakafu, nimebadilisha reli, kila baada ya mvua za masika nilikuwa naifungua kapeti yote na kuianika. Dashibodi nayo, jua linaipasua juu, karibu kila 240Z utakayoiona ina nyufa palepale au imefunikwa kitambaa kuzificha. Na moshi, wenye Z wanajua, raba za mlango wa nyuma zikichoka moshi wa ekzosi unaingia ndani ukiwa unatembea na madirisha wazi, watu wanadhani injini imekufa kumbe ni raba tu za kubadilisha na zile spanji za taa za nyuma.

Halafu kabureta. Hapa nataka nimtaje fundi wangu wa Majengo, jina lake nalihifadhi kwa heshima ya familia, Mungu amrehemu. Yule mzee alikuwa anasawazisha zile kabureta mbili bila chombo chochote, anachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, anasikiliza ile pumzi inavyoingia, anahamia ya pili, anageuza skrubu kidogo, anarudi ya kwanza, mpaka zote zinavuta sawa. Akimaliza unaweza kusimama nje usisikie injini ikitetema. Alinifundisha na mie nikajua kidogo, lakini sikio lake sikulifikia. Mafundi wa sasa hivi ni wazuri sana, nawaheshimu, ila wengi wamezaliwa na gari za kuchomeka kompyuta, ukimpelekea gari isiyo na pa kuchomeka anakutazama. Gari hizi zikiisha na ujuzi huu unaisha nao, ndo maana nasema haya maneno si ya mtu mmoja na gari yake.

Nimeuza sababu ya umri na magoti. Z iko chini, klachi yake nzito, na wajukuu hawawezi kupanda wote. Basi.

Sasa wanunuzi. Nilipotoa habari tu kwamba nauza walikuja wa aina aina. Dalali mmoja alikuja na mahesabu yake yamekamilika, ananiambia mzee hii ukiuza nzima utapata kidogo lakini tukiivunja, kabureta kivyake, usukani kivyake, bampa, taa, gia, kila kitu kinaondoka kwenda nje na utapata mara mbili. Nilimwambia hapana na akarudi tena wiki iliyofuata na bei ya juu zaidi, nikamwambia hapana tena. Mwingine alikuwa anapiga simu kutoka Ulaya, hajaiona gari, hajauliza hata inawaka au haiwaki, anachouliza ni namba ya chesisi tu na inaweza kufika bandari ya Kilindini lini. Wanajua wanachokitafuta. Januari 2020 kule Marekani 240Z moja ya 1971 iliyotembea kidogo sana iliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni dola 310,000, na tangu hapo kila mtu anadhani ameketi juu ya dhahabu. Ile ilikuwa gari ya peke yake, karibu mpya, si hizi zetu zilizolala pwani miaka hamsini, lakini bei ilipanda kwa zote na wanaozikusanya wakaanza kuzitafuta mpaka huku.

Mtu atasema gari ni yako, uza unavyotaka, na kweli mtu mwenye ada ya shule au bili ya hospitali siwezi kumwambia akatae pesa, simlaumu. Ninaowaambia ni wale wenzangu ambao hawana haraka. Mjue kwamba gari hizi zikitoka haziingii tena. Kwa kanuni zetu za kuingiza magari, KS 1515, gari iliyotumika ikizidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza hairuhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo kijana wa Kenya wa leo anayeipenda 240Z hana pa kuiagiza, zilizopo ndo hizohizo. Ukiipakia moja kwenye kontena umepunguza moja kwenye hesabu ya nchi nzima na hakuna wa kuirudisha.

Mwishowe aliyeichukua ni kijana wa hapa Mombasa, fundi wa bodi, alikuja na babake. Nilimpenda kabla hajasema bei. Wengine wote walikuja wakaomba niiwashe nipige resi wasikie mlio, yeye alilala chini palepale uani na tochi, akachokonoa reli za chesisi na bisibisi, akatoa betri akaangalia chini yake, akafungua kapeti, akanionyesha sehemu moja ambayo hata mie nilikuwa sijaiona imeanza. Halafu akaangalia namba. Kwenye 240Z za usukani wa kulia namba ya chesisi inaanza na HS30, imepigwa kwenye bati la ukuta wa injini, akailinganisha na logibuku, kile kitabu cha umiliki, akaangalia na ya injini kama bado ni L24 au imebadilishwa na ile L28 ya baadaye kama wengi walivyofanya. Akaniuliza, mzee una risiti zozote? Nikamtolea faili. Kila spea, kila fundi, barua za yule bwana aliyeniuzia, kitabu cha huduma cha zamani chenye madoa ya oili. Babake akakaa kwenye kiti akaanza kuisoma ile faili ukurasa kwa ukurasa. Nikampa bei chini sana kuliko ya yule wa simu, kwa sharti la mdomo tu kwamba asiivunje na akitaka kuiuza anijulishe kwanza kama bado nipo. Akanipa mkono na babake pia akanipa mkono.

Hapo kwenye makaratasi naomba wenzangu wasikilize vizuri maana wazee wengi tumezoea mambo ya zamani, unasaini fomu unamwachia mtu, akamilishe mwenyewe siku akipenda. Msifanye hivo. Sheria yetu ya barabara inasema aliyeandikishwa ndiye anayehesabiwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na gari ikishauzwa haitakiwi kuendeshwa barabarani zaidi ya siku 14 kabla mwenye mpya hajaandikishwa. Ikigonga mtu kwa jina lako watakutafuta wewe. Siku hizi uhamisho unaanzwa na muuzaji mwenyewe mtandaoni kwa akaunti yake, NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, mnunuzi anaukubali kwa akaunti yake, ada inalipwa, imekwisha. Mie mwanangu wa kike alinisaidia, tulikaa mezani mimi, yeye, kijana na babake, na gari haikutoka uani mpaka tumemaliza. Na bima kijana aijue mapema, kampuni nyingi hazitaki kuipa gari ya umri huu komprehensivu, yaani bima kamili, zinakupa ya third party tu, ukitaka zaidi ujiandae kubishana na kuleta mthamini.

Jambo la mwisho nawaelekezea wenye madaraka na nyinyi wa gazeti. Ile 240Z iliyoshinda 1971 iko Japani, Nissan wanaitunza kwenye mkusanyiko wao kule Zama, na wameitunza vizuri, wana haki, ni gari yao. Lakini barabara ilikoshindia ni yetu, dereva alikuwa anaishi kwetu na matope yalikuwa ya kwetu. Kila inapofanyika ile Safari Classic, iliyoanza 2003, wazungu wanakuja na Datsun na Porsche 911 na Escort za zamani, wanalipa pesa nyingi wapite kwenye vumbi letu, halafu mtoto wa Mariakani anasimama kando ya barabara kuziangalia kama kitu cha wageni, hajui kwamba gari hizohizo watu wa kwao walikuwa nazo nyumbani. Safari yenyewe imeanza 1953, imetolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, imerudi 2021 na sasa kila mwaka tunajaa Naivasha. Mie sijui jumba hata moja dogo la kuonyesha gari zenyewe, na Makumbusho ya Taifa wangeweza kuanza na banda tu, wenye gari wangewaazima zao bila malipo, mie ningekuwa bado nayo nisingekataa, na yule kijana nimeshamuuliza amesema yuko tayari.

Na nyinyi waandishi, Safari ijayo msituletee tu nani ameongoza na nani amepinduka. Tumeni mtu mmoja aende kwa mafundi waliotengeneza zile Datsun za miaka ya sabini, Nairobi na huku pwani, wengine bado wapo na akili zao timamu, awaulize walifanyaje kazi usiku, walikuwa wanaongeza nini chini ya injini ili mawe yasiipasue sampu ya oili, kabureta walizifunikaje maji yasiingie wakivuka mto. Nendeni mwaka huu, msingoje.

Msomaji wenu,
Tudor, Mombasa