Boti ya zamani haiuliwi na uzee, inauliwa na vitu visivyofunguliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niseme neno juu ya makala yenu ya majuzi kuhusu boti za matanga za safari ndefu, maana nimeisoma yote nikabaki najiuliza mbona karibu makala nzima ni skrini, rada, pailoti otomatiki na matanga ya kisasa, alafu boti zenye miaka thelathini arobaini zimepewa aya moja tu ya kusema ni mzigo na mwenye nayo bora aiuze. Mimi sikubaliani kabisa. Na sio kwamba napenda vitu vya kale, hapana, hili ni suala la usalama wa watu, kwa sababu wengi wanaosafiri kwa matanga wamo kwenye boti za zamani, ndizo wanazozimudu, na ukimwambia mtu shida yako ni umri wa chombo ataenda kununua skrini mpya aifunge pale kwenye usukani alale usingizi, kumbe chini ya miguu yake kuna koki ya maji haijaguswa tangu boti ilipokuwa ya mtu mwingine.

Umri wa bodi lenyewe mara nyingi sio tatizo. Boti nyingi za faibaglasi za miaka ya 1960 na 1970 zilijengwa nene kweli kweli kwa sababu wajenzi walikuwa bado hawajaizoea ile malighafi, na mpaka leo zinaelea. Angalieni mashindano ya Golden Globe, yale ya mtu mmoja kuzunguka dunia bila kutia nanga bandarini, sharti ni boti iwe ya muundo uliochorwa kabla ya 1988, ndogo ya futi 32 hadi 36, yenye mkuku mrefu, yaani ule uti wa chini ya chombo. Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini alimaliza wa kwanza Aprili 2023 na chombo cha namna hiyo, Minnehaha. Na kabla yake Mfaransa Jean-Luc Van Den Heede, mzee wa miaka 73, boti yake ilipinduliwa na bahari kule kusini mwezi Novemba 2018, pale nyaya za chini zinaposhikana na mlingoti pakashuka, ikawa mlingoti wenyewe uko hatarini. Akaupanda mara kadhaa humo humo baharini akaufunga upya, akaenda nao mpaka mwisho na akashinda Januari 2019. Hapo bodi halikuwa na neno, kilichotaka kumuangusha ni kiungo kimoja cha chuma, na kilichomfikisha ni kwamba alikijua kilivyofungwa na alikuwa na vifaa na mikono ya kukitengeneza. Mimi ndio maana nasema usiulize boti ina miaka mingapi, uliza kila kifaa kilichomo kilifunguliwa lini mara ya mwisho na nani alikifungua.

Wazee walisema waenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, basi tuanzie huko huko ngamani, chini kabisa ndani ya chombo maji yanapokusanyika. Boti ya safari ina matundu kadhaa chini ya maji yaliyotobolewa makusudi, la kupozea injini, la choo, la sinki, na kila tundu lina koki, mpira na klipu. Tundu la milimita 38 likiwa sentimita 60 chini ya usawa wa maji, siku mpira ukichomoka linaingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Sasa hebu nenda kasome kile kipampu cha umeme kilichoandikwa lita 30 kwa dakika, tena hizo 30 ni pale kiwandani bila mpira mrefu na bila kupandisha maji juu, ukikifunga kwenye boti kinatoa pungufu ya hapo. Yaani pampu haishindani na tundu hata kidogo, kinachokuokoa ni koki inayofunga, na koki isiyochezeshwa inaganda. Ichezeshwe angalau mara moja kwa mwezi, funga fungua, inatosha.

Alafu kuna zile koki za gurudumu za shaba ya manjano ambazo baadhi ya boti za zamani bado zinazo, hizo hazifai, kwa sababu maji ya chumvi yanaila zinki iliyomo ndani ya ile shaba inabaki kama sifongo, ukiikwangua unaona rangi ya waridi badala ya manjano, na siku unayoihitaji gurudumu linazunguka tu mkononi na ndani hakuna kilichofunga. Ukiona hiyo rangi usijadili, ing'oe, weka ya bronzi au ya plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa kazi ya chini ya maji. Na zile klipu za mpira nazo pitisheni sumaku, kuna klipu mkanda wake ni stenlesi nzuri lakini skrubu yake ni chuma cha ovyo, sumaku inashika kwenye skrubu peke yake, na ni hiyo skrubu itakayokatika. Pembeni ya kila koki funga kizibo cha mti laini kwa kamba, kinachoingia kwenye tundu hilo hilo, sio vizibo vyote kwenye boksi chini ya kitanda.

Sasa niseme la winchi, maana hili linaniuma. Winchi ya kuvutia kamba za tanga ukiitazama nje ni ngoma tu inayong'aa, na ikizunguka ikilia tktktk watu wanasema nzima. Ifungue uone. Juu kuna kifuniko au ringi ndogo ya waya, ukitoa hiyo ngoma inapanda juu na uwe makini hapo kwa sababu mara nyingi beringi zinapanda nayo zimeganda kwenye grisi ya zamani alafu zinadondoka moja kwa moja baharini, wengine wanaweka boksi la karatasi lililotobolewa katikati kuizunguka winchi ndio wanafungua, wazo zuri sana. Ndani utakuta gia, beringi za misumari na vile vimeno vidogo vinavyosukumwa nje na springi nyembamba kama unywele. Hivyo vimeno ndio winchi yenyewe, ndivyo vinavyoizuia isirudi nyuma. Osha vyote na mafuta ya taa, kausha, alafu grisi ipake kidogo sana kwenye gia na beringi, ila kwenye vimeno na springi weka tone la mafuta mepesi ya mashine BASI, grisi usiweke. Kuna fundi alihudumia winchi za boti ninayosafiria akajaza grisi kila mahali mpaka inafurika, kwa nje kazi ikaonekana safi kabisa, baridi ilipoingia grisi ikawa nzito vimeno vikanata ndani ya nafasi zake, na tanga likiwa limejaa upepo mpini wa kuzungushia winchi ukarudi nyuma kwa nguvu zote. Mwenzangu alikuwa ameuachia sekunde hiyo hiyo, angekuwa ameushika mkono ungevunjika. Kimeno kimoja kilichonata! Ndani ya boti yenye rada na kila kitu.

Kuhusu kinachoshika mlingoti, hapa pia macho ya nje yanadanganya. Nyaya za stenlesi watu wanaziangalia, wanapitisha kitambaa kuona kama kuna uzi uliokatika, ni vizuri, na wengi wanazibadilisha baada ya miaka kumi hadi kumi na tano hata kama zinaonekana nzima, ni vizuri pia. Lakini waya unashika nini kule chini? Unashika bamba la stenlesi linalopenya kwenye sitaha na kufungwa na bolti kwenye ubavu wa ndani, wenyewe tunaita cheinpleti, na bamba hilo lina sehemu moja ambayo hakuna anayeiona, pale linapopita katikati ya unene wa sitaha. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya utando mwembamba sana ulio juu yake, na huo utando unahitaji hewa ili ujirudishe. Silanti, ile gundi ya kuzibia maji, ikizeeka maji ya chumvi yanaingia pale yanakaa, hewa hakuna, utando unakufa na chuma kinaliwa ndani kwa ndani kwenye nyufa huku juu na chini kinang'aa kama kipya. Dalili ni michirizi ya kahawia pale sitahani au kwenye mbao za ndani, watu wanaifuta na sabuni wanaendelea na safari. Usiifute. Toa mabamba moja moja boti ikiwa imetulia, safisha, paka ile dawa nyekundu ya kuonyesha nyufa wanayotumia mafundi wa kuchomelea, na likiwa na ufa halirudi. Ukilirudisha zima basi na sitaha pale itengenezwe, maana boti nyingi sitaha yake ina mti wa balsa katikati ya faibaglasi mbili na maji yaliyokuwa yanakula bamba yalikuwa yanaozesha balsa pia, gonga na nyundo ya plastiki utasikia sauti inavyobadilika kutoka kavu kuwa butu. Toboa tundu pana, toa kilichooza, jaza epoksi, ile gundi inayokauka ikawa ngumu, ikikauka toboa upya katikati ya epoksi, hapo maji hayapati njia tena hata silanti ikichoka.

Injini sitaki kuimaliza hapa, ina mafundi wake wengi. Ila impela, ile raba yenye mabawa kwenye pampu ya maji ya bahari, ibadilishwe kila mwaka, na bawa likikosekana litafuteni mpaka lipatikane kwa sababu limekwenda kuziba kwenye njia ya kupozea na injini itachemka na impela mpya ikiwa ndani. Na dizeli, uchafu wa tangi la zamani umelala chini miaka yote kimya, siku ya mawimbi unatibuliwa na kuja kwenye filta, ndio maana injini inazimika pale pale mnapohitaji kuingia bandarini na bahari imechafuka. Kila anayesafiri na boti hiyo, sio nahodha peke yake, ajue kubadilisha filta na kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli, ajaribu boti ikiwa imetulia kwanza. Usukani wa dharura nao utolewe ufungwe kweli, kuna boti nyingi ule mpini wa dharura haujawahi kuingizwa hata siku moja, na siku ya siku inagundulika unagonga kiti au usukani wenyewe na hauzunguki. Matanga, kabla ya kusema kitambaa kimechoka bonyeza uzi wa mshono na ukucha, jua linaua uzi kabla ya kitambaa, na tanga la kushonwa upya kwa wakati linaendelea kufanya kazi miaka.

Umeme ndio nilitaka makala yenu ianzie badala ya skrini. Skrini mpya inafungwa kwenye waya wa miaka thelathini ambao ukiuchuna shaba yake ni nyeusi au kijani mpaka ndani ya plastiki, volti zinapotelea njiani, kifaa kinazima kinawaka, mwenye boti anakirudisha dukani kwamba ni kibovu. Waya wa baharini uwe wa shaba iliyopakwa bati, kila laini iwe na fyuzi yake karibu na betri, maunganisho yabanwe na koleo la kazi hiyo na sio kusokotwa na kuzungushiwa tepu. Na betri za risasi zipimwe zikiwa zimepumzika, volti 12.7 hivi imejaa, 12.2 imeshafika karibu nusu, chini ya hapo kila siku unaiua mwenyewe.

Jambo la mwisho ni kwa wanaotengeneza vifaa na nyinyi mnaoviandikia. Vifaa vingi vya kwenye boti za zamani vilitengenezwa vifunguliwe, bolti ziko wazi, vimeno, springi, oringi na pakingi vinauzwa kwa seti. Siku hizi naona pampu na mota zinakuja zimegundishwa, ikifa springi moja unatupa kifaa kizima, sasa mtu aliye katikati ya bahari atatupa alafu ataweka nini? Mkisifia kifaa kipya naomba muandike pia kama kinafunguka kwa spana za kawaida, kama vipuri vyake vinapatikana na kwa miaka mingapi mtengenezaji ameahidi kuvitoa. Hiyo ndio habari anayoihitaji msafiri kuliko ukubwa wa skrini. Na kama mtarudia mada hii, mpeni mwandishi kazi ya kushinda siku nzima na mtu anayefungua koki na cheinpleti za boti moja ya zamani, aingie mwenyewe ngamani na tochi, apige picha za kilichotoka mle, mzichapishe ukurasa mzima.

Wenu,
Msomaji, baharia wa matanga