Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tegu, Mbwa na Shimo la Machinjioni

Ndugu wanachama, wafugaji, wenye mabucha, mama zetu wa utumbo na supu, na vijana wa machinjioni: assalaam alaykum, na wasiotumia salamu hiyo, habari za asubuhi.

Kwa desturi taarifa hii huanza na ada. Safari hii nitazipita mbio, maana mweka hazina atasoma hesabu baada yangu na sitaki kummalizia maneno. Itoshe kusema wenzetu wa Muheza na Pongwe wamelipa vizuri kuliko sisi wa Tanga mjini, na wa mjini wanajijua. Bei ya ng'ombe wa Handeni imetutesa wote. Mzani mpya umenunuliwa. Mengine yako kwa katibu.

Mwaka huu uliliwa na minyoo. Mwanetu mmoja anayeishi Ujerumani alimtumia mama yake habari za tegu wa mbweha, na mama, kwa nia njema, akazipitisha kwa wenzake. Habari ilipofika Pangani ilikuwa imeshaota mkia: eti mbweha wa Saadani wanamaliza watu maini. Haikupita wiki, wateja wakawa wanageuzageuza maini mabuchani kama wanaotafuta pesa iliyopotea, na baadhi ya wafugaji wakanijia wakitaka chama kinunue sumu ya kuwategea mbweha. Nilikataa. Leo nataka kila mmoja ajue kwa nini.

Tegu wa mbweha yupo kweli, na ni hatari kweli. Jina lake la kitaalamu ni Echinococcus multilocularis. Mkubwa wake ana urefu wa milimita chache tu, anakaa kwenye utumbo wa mbweha mwekundu, na mayai yake hutoka na kinyesi. Panya wa porini huyala, lava, yaani mnyoo mchanga, huota kwenye ini la panya, mbweha humla panya, na mzunguko unaanza upya. Mtu akiyameza mayai hayo kwa bahati mbaya, lava husambaa ndani ya ini lake mfano wa saratani. Huweza kukaa miaka 5 hadi 15 bila dalili yoyote, na asiyetibiwa kwa kawaida hufa. Lakini makao ya tegu huyu ni kaskazini ya dunia: Ulaya ya kati, Siberia, China hasa nyanda za juu za Tibet, Japani kwenye kisiwa cha Hokkaido, na sehemu za Amerika ya Kaskazini. Mbweha wetu wa Saadani ni mnyama mwingine, na panya wetu pia ni wengine. Kumuua kwa kosa la binamu yake wa Ulaya ni dhuluma, tena ndani ya hifadhi ni kesi.

Na hata huko kwenye ugonjwa wenyewe, kuua hakukusaidia. Karibu na mji wa Nancy, Ufaransa, waliwinda mbweha kwa nguvu kwa miaka 4. Idadi ya mbweha haikupungua, na walioambukizwa wakapanda kutoka asilimia 40 hadi 55. Waliouawa waliacha maeneo wazi, wakaja vijana wageni, na hao ndio wenye minyoo mingi. Kilichofanya kazi, pale Zürich kwa mfano, ni kutupa vyambo vyenye dawa ya prazikwanteli kila mwezi ili mbweha ajitibu mwenyewe bila kujua. Mayai yalipungua sana. Ila kazi hiyo ina gharama, na ukiacha, tegu anarudi.

Sasa ya kwetu. Tegu huyo ana ndugu, Echinococcus granulosus, na huyu hakai mbali. Anaishi kwenye utumbo wa mbwa, na badala ya panya anatumia mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia. Wengi wenu mmemwona bila kumjua: kile kifuko cheupe chenye maji kwenye ini au pafu, ambacho mkaguzi wa nyama akikiona anakataa kiungo kizima. Wafugaji wa Ngorongoro wanamfahamu. Turkana, Kenya, ilihesabiwa kuwa watu wapatao 220 katika kila 100,000 walikuwa wakipata ugonjwa huu kwa mwaka, moja ya viwango vikubwa kabisa duniani, na shirika la afya la AMREF likaanza kampeni ya udhibiti huko mwaka 1983. Ng'ombe na mbuzi wanaoingia Tanga kutoka maboma ya Kilindi na Handeni hufuatana na mbwa wao, kwa hiyo tusijidanganye kwamba mambo haya ni ya bara tu.

Hapa ndipo panapowakosesha wateja wetu usingizi bure, nanyi wenye mabucha naomba mnisikilize. Mtu hapati ugonjwa kwa kula ini lenye kifuko. Ini hilo ni la kukataliwa, hilo halina mjadala, lakini anayeambukizwa kwa kulila ni mbwa. Ndani ya kifuko kuna vichwa vya tegu kwa maelfu, na kila kimoja kikifika utumboni mwa mbwa kinaweza kuwa tegu mzima. Baada ya wiki sita hivi mbwa anaanza kutoa mayai, na mayai ndiyo yanayotupata sisi. Kwa hiyo kijana anayekata kifuko kwa kisu, akakitupia mbwa aliyelala mlangoni, akauza ini lililobaki, hajasafisha nyama. Amepanda ugonjwa mtaani kwake.

Wapo waliosema kwenye vikao kwamba sisi watu wa Pwani mbwa hatumgusi, kwa hiyo hayatuhusu. Mbwa hatumgusi, lakini mchicha tunaula. Mayai hukaa kwenye majani, kwenye maji ya kisima kisicho na kifuniko, kwenye mchanga wanaochezea watoto, na dawa za kawaida za kuua vijidudu hayazijali. Jua kali na ukavu ndivyo huyamaliza, na moto. Mtu akishayameza, kifuko hukua kwenye ini au mapafu taratibu kwa miaka. Kinaonekana kwa altrasaundi. Kikipasuka ndani kinaweza kuua papo hapo. Tiba ni albendazoli, kufyonza maji kwa sindano, au upasuaji, kutegemea kifuko kilivyo.

Idi Kubwa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, na nasema hili kama mtu anayechinja nyumbani kwake kila mwaka. Machinjioni kuna mkaguzi. Uani hakuna. Siku ile mapafu hayana mlaji, matumbo yanatupwa nyuma ya nyumba, na mbwa koko wa mji mzima wanajua tarehe kuliko sisi. Hali ni hiyo hiyo kwenye arusi na hitima. Shimo la kina kabla ya kisu kushuka, au chungu cha kuchemshia sawasawa kile kinachotupwa, vinatosha.

Kuhusu mbwa wa wafugaji, mtaalamu wa mifugo tuliyemwalika alieleza kwamba dawa ni prazikwanteli, ile ile wanayopewa watoto shuleni kwa kichocho. Msichukue ya watoto: kipimo cha mbwa hufuata uzito wake, na yupo bwana mifugo wa kukipima. Dawa huua tegu, haiui mayai, kwa hiyo mbwa afungwe siku mbili na kinyesi chake kifukiwe. Tumekubaliana kuomba dawa itolewe pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa, tarehe 28 Septemba, kwa sababu kuwakusanya mbwa mara mbili kwa mwaka ni ndoto.

Wanaodhani kazi hii haina mwisho wasikie habari za Iceland. Mwaka 1863 daktari Mdenmarki, Harald Krabbe, alikuta zaidi ya robo ya mbwa aliowapasua wana tegu huyu. Kikaandikwa kijitabu kikagawiwa bure majumbani, sheria ya mbwa ikaja 1869, na ya 1890 ikaamuru mbwa watibiwe na vifuko viharibiwe. Chanjo haikuwepo wala altrasaundi. Katika karne ya 20 ugonjwa ukatoweka.

Sisi shimo moja limetushinda. Lililopo kwenye machinjio tunayotumia zaidi limejaa, ukuta wake umebomoka, na mbwa wanaingia watakavyo. Barua zetu kwa wahusika zimejibiwa kwa upole, na shimo liko vile vile. Kamati kwa hiyo inaleta hoja kwamba chama kichimbe shimo jipya lenye zege na mfuniko wa kufuli, kwa mchango wa kila mwenye bucha kulingana na vichwa anavyochinja, na kwamba mwanachama atakayeonekana akimtupia mbwa kiungo kilichokataliwa asimamishwe. Wauza mbuzi wameomba kiwango chao kiwe nusu ya cha ng'ombe, nami naona wana haki. Mwenye pingamizi anyooshe mkono sasa, kabla katibu hajagawa karatasi za kura.