Tumefundishwa sukari kupanda, kushuka je?

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani. Siku ya tisa tangu niambiwe nina kisukari, nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Tundu naliona, ncha ya uzi nimeilamba, vidole vinatetemeka tu. Mara ya nne nikamfokea binti yangu kwamba amenibadilishia sindano. Maskini, hata hakuwa ameigusa.

Yeye ndiye aliyeona nilichoshindwa kuona. "Mama, mbona umelowa hivyo?" Blauzi ilikuwa imenigandia mgongoni kwa jasho la baridi. Moyo unakwenda mbio, midomo inafanya ganzi, na nina njaa ya kutaka kula meza. Akanitoboa kidole akapima: 3.1.

Mhariri, nilifurahi! Siku niliyogunduliwa nilikuwa na 17, na kliniki waliniambia niishushe. Sasa si imeshuka? Binti akafungua karatasi iliyokuja na mashine, akanisomea: chini ya 3.9 ni hatari (mashine nyingine huandika 70, ni kiasi kilekile). Akakoroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye glasi ya maji. Nikaisukuma glasi. Mgonjwa wa sukari anapewaje sukari? Tulibishana mpaka akatishia kuita majirani, ndipo nikanywa. Baada ya dakika 15 akapima tena, 4.4, nikaanza kuona aibu kwa yale niliyoyasema.

Kosa lilikuwa langu nusu. Asubuhi nilimeza kidonge cha glibenklamaidi, akaingia mteja mwenye haraka, nikashona mpaka saa saba mchana bila kula. Kidonge hicho hulazimisha kongosho kutoa insulini, kile kichocheo kinachoshusha sukari, uwe umekula au hujala. Nusu nyingine ni ya kliniki. Siku ile nilielezwa macho, figo, miguu na vyakula vya kuacha. Kushuka kwa sukari sikukusikia, na kama kulitajwa basi kulitajwa nikiwa bado nahesabu vidonge.

Nilirudi kuuliza, na nesi mmoja aliketi nami akanieleza vizuri. Jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio ni mwili unapiga king'ora. Ukikipuuza, ubongo wenyewe unakosa chakula: unakuwa mkali bila sababu, unaona vitu viwiliviwili, ulimi unakuwa mzito mpaka wapita njia wanadhani umelewa. Hapo ndipo pabaya, kwa sababu kile unachokitegemea kikuambie unaumwa ndicho kinachoumwa. Kwa hiyo somo hili wapewe na wa nyumbani, si mgonjwa peke yake. Na akishazimia asimiminiwe kitu mdomoni, atapaliwa. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali.

Usiku king'ora hicho hukisikii. Unaamka shuka zimelowa, kichwa kinagonga, umeota ndoto za ajabu. Mimi hayo niliyaita uchovu wiki nzima. Wifi yangu anayetumia dawa za presha aina ya atenololi ameambiwa kwamba kwake moyo na mikono vinaweza kutulia tuli hata sukari ikiwa chini, lakini jasho halifichiki.

Kuna na kinyume chake, nacho kilinichanganya sana. Wiki ya tatu nilitetemeka vilevile, nikapima nikakuta 6.8. Nesi akasema mwili uliozoea 17 hushtuka ukirudishwa kwenye kiasi cha kawaida, na nisikimbilie sukari, nile tu kwa wakati wangu. Ndiyo maana nasema mtu apime kwanza kama mashine ipo karibu. Kama haipo na dalili ni zilezile, anywe kitu cha sukari asisubiri, kisha ale chakula, maana vidonge kama changu hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena. Soda zile zisizo na sukari hazisaidii hapo. Wanaotumia metfomini, dawa nyingine ya kisukari, peke yake, nimeambiwa, mara chache sana hupatwa na haya.

Ukurasa wenu wa afya huandika kuhusu kisukari mara kwa mara, nami huukata na kuuhifadhi. Nimepitia vipande vyangu vyote. Habari ya kushuka hupewa sentensi moja mwishoni, kama mkia. Naomba siku moja ipewe ukurasa mzima, iandikwe kwa ajili ya aliyegunduliwa jana.

Kwenye droo ya cherehani sasa nina kopo la sukari kando ya bobini. Tatizo lililobaki ni binti yangu. Kila nikimkemea, hata kwa haki kabisa, ananiletea mashine.

Fundi cherehani, msomaji wenu