Baiskeli za zamani: kagueni kota kabla ya Jumapili

Assalaam alaykum wanakikundi,

Jumapili tunatoka Maisara saa 12 na nusu asubuhi kwenda Fumba. Wenye Raleigh na Phoenix za breki za fimbo, naomba mzikague kabla ya Ijumaa.

Kubwa ni kota, ile pini inayoshika mkono wa pedali kwenye ekseli. Pedali ikigonga mara moja kila mzunguko, kota imelegea, na ukizidi kukanyaga itakula ekseli. Kuitoa: legeza nati mpaka iwe sawa na ncha ya pini, usiivue, maana ndiyo inayolinda meno. Tegemeza mkono wa pedali kwa kipande cha bomba, kisha piga nyundo moja ya nguvu. Vipigo vidogo vidogo huvimbisha pini ikagoma kabisa. Kurudisha: kota mbili zielekee pande tofauti, la sivyo pedali hazikai mstari mmoja. Gonga kwanza ndipo ukaze nati. Nati si ya kuvutia pini. Kazeni tena tukifika Fumba.

Tairi za 28 x 1½ zisomwe ubavuni: 635, yaani kipenyo cha ringi kwa milimita. Ya 622 haiingii, ringi yake ni ndogo kwa milimita 13.

Wenye habu (kitovu cha gurudumu la nyuma) ya gia tatu ya Sturmey-Archer, tieni matone machache ya mafuta mepesi ya mashine. Tafadhalini, si ya kupikia! Hugeuka gundi, gia zikateleza.

Kila mmoja aje na tyubu moja na pampu.