Masanja, hilo ua sikutumii

Duluth, Minnesota
Juni 29

Mdogo wangu Masanja,

Marahaba. Mimi mzima, kazi inaendelea, na baridi hatimaye imetuachia. Mpe Mama shikamoo zangu, umwambie dagaa wake wameisha siku nyingi na hakuna mfano wao huku.

Ujumbe wako nimeupata. Picha za lile ua nililoliona huku zimekupendeza, unataka nikuchimbulie mashina mawili matatu uyaoteshe kitaluni, uone kama wateja wa Capri Point watayanunua. Sitakutumia. Si uchoyo, nisikilize kwanza.

Ile ni okidi ya kiatu, kitaalamu Cypripedium reginae. Ni ua rasmi la jimbo hili tangu 1902, na tangu 1925 lina sheria ya kulilinda. Nililikuta kaskazini, kwenye mtaro wa maji kando ya barabara, limesimama katikati ya majani likinifika karibu na kiuno. Kwa juu ni jeupe pee. Mbele, petali moja imefumba ikawa mfuko wa rangi ya waridi, na huo mfuko ndio kiatu chenyewe. Sikuligusa, maana vinyweleo vya majani yake huwawasha watu wengine kama upupu. Nilichuchumaa tu nikaangalia.

Na pale kwenye mfuko ndipo pana maajabu. Nyuki huvutwa na rangi na harufu, akaingia kwa tundu la juu. Ndani hamna mbochi hata tone. Akitaka kurudi alikopitia hawezi, kwa sababu ukingo wa tundu umejikunja kwa ndani na kuta zinateleza. Njia imebaki moja, kwa nyuma, ambako vinyweleo vinampa pa kukanyaga. Anapanda, na kama mgongoni ana chavua ya ua jingine, inabaki pale anapopita kwanza. Halafu anajipenyeza kwenye kitundu chembamba, na hapo anapakwa chavua mpya. Akishatoka anaondoka mikono mitupu, na ua limeshapata lake. Ningeweza kukaa pale mpaka jioni.

Umeuliza kama kwetu zipo. Hazipo, Masanja, Afrika nzima. Jamaa za ua hili zimegawanyika katika jenasi tano, yaani makundi matano ya spishi za karibu. Hii ya huku inakaa nchi za baridi: Amerika Kaskazini, Ulaya, na Asia mpaka Uchina na Japani. Paphiopedilum ndizo za joto, kuanzia India hadi visiwa vya Solomon, na nyingi zinaota kwenye miamba ya chokaa. Ipo moja, Paphiopedilum rothschildianum, ambayo makazi yake ni miteremko ya mlima Kinabalu huko Borneo, basi. Jenasi tatu zilizobaki ni za Amerika ya Kati na Kusini, na mojawapo ina spishi moja tu, ya Oaxaca nchini Mexico.

Sasa hata ningekutumia, lisingeishi. Hili ua hulala chini ya theluji miezi mingi, na bila usingizi huo halichipui vizuri. Hapo Mwanza ungelimwagilia maji ya ziwa asubuhi na jioni, nalo lingengoja baridi isiyokuja. Mbegu nazo ni vumbi, hazina akiba ya chakula, zinategemea kuvu fulani wa udongoni kuzilisha. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza inaweza kufika miaka 16. Kwa hiyo mtu aking'oa shina moja, hajui ameng'oa miaka mingapi.

Uingereza walichuma na kuchimba aina yao mpaka 1917 ikadhaniwa imekwisha kabisa. Mwaka 1930 likaonekana shina moja huko Yorkshire, likalindwa kwa miaka na miaka. Vietnam ndiyo inaniuma zaidi. Paphiopedilum vietnamense ilitangazwa kwa wanasayansi mwaka 1999, na ndani ya miaka michache wachimbaji walikuwa wameimaliza karibu yote porini. Kuijua tu ndiko kulikoimaliza. Siku hizi CITES, mkataba wa nchi nyingi kuhusu biashara ya mimea na wanyama wa porini, unakataza kuuza nchi hadi nchi Paphiopedilum zilizotolewa porini.

Kwetu nako hatuko salama. Nyanda za Juu Kusini viazi vya okidi vinachimbwa na kupelekwa Zambia kupikiwa chikanda, chakula cha huko, ingawa Kitulo, kwenye nyanda hizo hizo, ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Na sisi wa Ziwa tuna Rubondo, kisiwa chenye okidi zake. Kwa hiyo nakuomba: akija mtu kitaluni na gunia la okidi zilizobanduliwa kwenye miti ya visiwani, usinunue hata akikupunguzia bei. Tanzania tuna Ansellia africana, maua ya njano yenye madoa ya kahawia. Tafuta zilizooteshwa kitaluni, gawanya mashina yako mwenyewe, uza hizo. Wateja watakuja.

Mama ameniuliza kuhusu ziwa la hapa. Mwambie Superior ni kubwa kuliko letu, kama kilomita za mraba 82,000, letu 68,800 hivi, lakini maji yake ni baridi hata sasa.

Ada ya Nyamizi naituma mwisho wa mwezi. Ikiingia, nipigie.

Dada yako,
Kabula